Programu haipati seva kwa jina: njia ya kutafuta kosa kwenye AS/400

Mwongozo huu nimewaandikia wanaokaa na mashine ya IBM i, kompyuta ya IBM ya kuendeshea kazi za ofisi, ile ambayo sisi wa zamani bado tunaiita AS/400 ijapokuwa jina hilo la mwaka 1988 limeshabadilishwa mara kadhaa. Kwetu Unguja mashine kama hizi si nyingi, na ofisi iliyo nayo aghlabu huwa na mtu mmoja tu anayeijua vizuri. Siku akiwa safarini, au amekwenda Pemba harusini, anayebaki hujikuta peke yake mbele ya skrini ya kijani, na ujumbe unaosema jina la seva halikupatikana.

Kosa lenyewe ni hili. Programu, iwe ya RPG, ya Java au ya lugha nyengine, imeambiwa izungumze na seva fulani kwa jina, tuseme malipo.mshirika.example. Mtandao hauyajui majina, unajua anwani za namba. Kwa hiyo kabla ya kubisha hodi popote, programu huiomba mashine inayoiendesha: nitafutie namba ya jina hili. Jawabu lisiporudi, au likirudi kwamba hakuna jina kama hilo, safari inaishia hapo. Programu haijafika kwa mshirika, haijaonyesha nywila, haijapeleka hata herufi moja. Nalitanguliza hili kwa sababu nimewaona watu wakimaliza asubuhi nzima kubadilisha nywila na vyeti vya usalama, ilhali jahazi halijang'oa nanga.

Katika kila hatua iliyoko hapa chini, swali ni lile lile: nani ameuliza, na kamuuliza nani? Kompyuta ya mezani, amri unayoandika wewe na programu inayokwenda usiku, kila mmoja anaweza kuwa anauliza kwa mtu wake. Ndiyo maana mmoja anajibiwa na mwenziwe anaambiwa hakuna.

1. Andika kabla hujagusa

Chukua karatasi. Andika ujumbe wa kosa kama ulivyo, saa uliyotokea, jina la programu, na jina la seva inayotafutwa, herufi kwa herufi. Andika pia profaili ya mtumiaji ambayo kazi ile inatumia. Itatufaa huko mbele. Kama kazi bado ipo, `WRKJOB` kisha chaguo la 10 litakuonyesha kumbukumbu yake. Kama imeshakwisha, tafuta QPJOBLOG, yaani kumbukumbu ya kazi iliyochapwa, kwa `WRKSPLF`, ukitaja profaili ile.

Wanaotumia HTTPAPI, maktaba ya programu ya Scott Klement, kupeleka data kutoka kwenye RPG wana bahati. Weka mstari huu mwanzoni mwa programu:

`http_debug(*ON);`

Ukiiendesha tena, logi itaandikwa ndani ya `/tmp/httpapi_debug.txt`. Wengi hurukia mstari wa mwisho wenye kosa. Soma mistari ya mwanzo: humo imo orodha ya seva za majina (DNS), yaani zile zinazogeuza jina kuwa namba, ambazo kazi ile imezikuta, domeini yake ya kawaida, na ni mara ngapi itajaribu kuuliza. Hiyo ni kauli ya programu yenyewe kuhusu anayemuuliza, na ina thamani kuliko amri kumi utakazoandika wewe pembeni.

Halafu uliza swali la kiutu uzima: jana ilifanya kazi? Kama ilifanya, nani kabadilisha nini? Mara nyingi jawabu la kwanza litakuwa "hakuna aliyebadilisha kitu", na jawabu la pili, baada ya chai, litakuwa "isipokuwa ile ruta mpya tu".

2. Namba kwanza

Usianze na majina. Anza na namba, ili ujue kama mashine inatoka nje. Anwani nilizotumia humu ni za mfano, weka zako.

`NETSTAT OPTION(*IFC)`

Angalia kama anwani ya mashine yako iko hai. Kisha piga PING, amri ya kubisha hodi kuona kama mashine ya pili inajibu, kwa ruta iliyo karibu, halafu kwa seva ya majina:

`PING RMTSYS('10.20.0.1')`
`PING RMTSYS('10.20.0.53')`

Ruta isipojibu, funga mwongozo huu na ushughulikie waya, swichi au umeme wa ruta. Ruta ikijibu na seva ya majina isijibu, usihukumu haraka: wapo wanaozizuia seva zao zisijibu PING. Kimya cha PING peke yake si ushahidi.

Na yapo matatizo ambayo hayamo ofisini kwako kabisa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa pamoja, intaneti ya Tanzania nzima ilidorora. Siku kama ile jina la seva iliyoko ng'ambo linaweza kukosekana, kisha likapatikana baada ya dakika tano, kisha likakosekana tena. Ukiona namba za ndani zinajibu zote na za nje hakuna inayojibu, usianze kubadilisha vipimo vya mashine. Kesho mtandao utarudi, na kosa ulilolitia wewe litabaki.

3. Mashine inamuuliza nani?

Hapa ndipo penye kazi, basi tukae kidogo.

Andika `CFGTCP`. Chaguo la 10 ni jedwali la majina lililomo ndani ya mashine: namba upande mmoja, majina upande wa pili. Chaguo la 12 linaonyesha jina la mashine yenyewe, domeini yake, orodha ya domeini za kutafutia (mikia inayobandikwa kwenye jina fupi), seva za majina za kuulizwa, na kipi kitangulie kati ya jedwali na seva hizo. Kulibadilisha hilo la 12 kunahitaji mamlaka ya *IOSYSCFG. Kama huna, mwite aliye nayo, usiombe nywila yake.

Tazama kwanza kipengele cha kutanguliza, HOSTSCHPTY. Kikiwa *LOCAL, mashine inatazama jedwali lake kwanza, ikikosa ndipo inauliza nje. Kikiwa *REMOTE, inauliza nje kwanza. Tofauti hii huonekana siku seva ya majina imekufa: mwenye *LOCAL anaendelea kuyapata majina yaliyomo jedwalini bila ya kusita, mwenye *REMOTE anasubiri kwanza kila safari. Kwa ofisi zetu, ambapo mtandao wa nje hautabiriki, mimi huchagua *LOCAL. Gharama yake ni kwamba jedwali lazima liwe safi, nitalirudia hilo.

Sasa zile seva za majina. Nafasi ni tatu, na watu huzijaza kwa imani isiyo sahihi. Wanaweka seva ya ndani ya ofisi nafasi ya kwanza, na ya nje, labda 8.8.8.8, nafasi ya pili, wakidhani mashine ikikosa jina kwa ya kwanza itakwenda kwa ya pili. Sivyo. Mfano wake ni mgeni anayetafuta nyumba Mji Mkongwe. Akifika kwenye baraza la kwanza akamkuta mzee, akamuuliza kwa Bi Fulani ni wapi, mzee akamwambia "hakuna mtu huyo mtaa huu", mgeni ameshajibiwa na anageuka kurudi. Baraza la pili ataliendea tu kama la kwanza amelikuta tupu, hakuna wa kumjibu. Seva za majina ni hivyo hivyo. "Hakuna jina hilo" ni jawabu kamili. Seva ya pili huulizwa pale ya kwanza inapokuwa kimya.

Kwa hiyo kama seva yako ya kwanza ni ya ndani, na haikuruhusiwa kuulizia majina ya nje, inaweza kujibu "hakuna" kwa kila jina la nje, na 8.8.8.8 iliyo chini yake haitaguswa maisha. Na ukizigeuza, ya nje juu na ya ndani chini, utayapoteza majina ya ndani kwa sababu ile ile. Tiba ni kuiwezesha seva ya ndani iyapeleke maswali ya nje kwa mkubwa wake, kisha kuitumia hiyo peke yake pamoja na pacha wake wa ndani. Hiyo ni kazi ya watu wa mtandao, si yako. Yako ni kuwaonyesha ushahidi.

Na muda nao. Kwa kawaida mashine husubiri sekunde 2 na kujaribu mara 2, lakini hesabu hiyo ni kwa kila seva iliyomo orodhani, na tena kwa kila domeini ya kutafutia. Ukiwa na seva mbili zilizokufa na domeini tatu, programu iliyopewa sekunde 10 za kusubiri itakata tamaa kabla seva iliyo hai haijafikiwa. Hapo utaona kosa la ajabu: jina linapatikana ukiliuliza kwa mkono, programu inalikosa, na logi haisemi "hakuna" bali inasema muda umekwisha. Futa seva zilizokufa kwenye orodha. Si mapambo.

Ukibadilisha, andika `CHGTCPDMN` kisha F4 ili uone thamani zilizopo, na uzinakili kwenye ile karatasi yako kabla ya kubonyeza Enter.

4. PING kwa jina na NSLOOKUP si kitu kimoja

Kijana wetu wa Chake Chake alinipigia simu usiku mmoja, sauti imemkauka.

"Shikamoo mwalimu. NSLOOKUP inajibu, programu inakataa. Nimejaribu mara tatu."

"Marahaba. PING kwa jina je?"

Kimya. Kisha: "Inakwenda kwenye namba nyengine kabisa, mwalimu."

"Basi usiiguse programu. Fungua jedwali."

NSLOOKUP huenda moja kwa moja kwa seva ya majina. Jedwali la ndani ya mashine hailitazami. PING kwa jina hupita njia ile ile wanayopita walio wengi: jedwali na seva kwa mpangilio wa HOSTSCHPTY. Kwa hiyo zijaribu zote mbili na uzilinganishe:

`PING RMTSYS('malipo.mshirika.example')`

kisha `NSLOOKUP` na F4, ujaze jina hilo hilo na seva ya majina ile ile iliyomo kwenye CFGTCP 12. Usiitaje seva nyengine unayoiamini wewe, maana hapo utakuwa umemuuliza mtu asiyehusika.

Kwenye PING hutazami kama imejibiwa. Unatazama kama jina limegeuka namba. Ikianza kuhesabu majaribio kuelekea 192.0.2.40, jina limepatikana, hata kama majaribio yote yatapotea.

Zote mbili zikikosa, tatizo liko kwa seva ya majina au njia ya kuifikia. Rudi hatua ya 3. NSLOOKUP ikipata na PING ikakosa, shuku vipimo vya mashine. Zote zikipata lakini namba ni mbili tofauti, jedwali lina habari iliyopitwa na wakati. Na zote zikipata namba moja ilhali programu bado inalalamika, basi tatizo ni la programu au la aliyeiendesha, na hatua ya 5 na ya 6 ni zako.

Yule wa Chake alikuta nini? Mstari uliotiwa na mmoja wetu hapa Unguja karibu miaka miwili nyuma, siku seva ya majina ilipokuwa imelala, "kwa muda tu". Mshirika akahamisha seva yake, jedwali halikujua. Nilimwambia aufute. Sikumwambia ulikuwa mkono wa nani.

Kuna neno moja la faiwoli. Maswali ya majina hupita poti ya 53, kwa kawaida kwa UDP, njia nyepesi ya kupeleka ujumbe. Jawabu likiwa kubwa mno, seva hulikata na kumtaka muulizaji arudi kwa TCP, njia nzito zaidi, poti ile ile. Mwenye faiwoli akiwa ameruhusu UDP peke yake, majina mengi yatapatikana na machache, yale yenye majawabu marefu, yatakosekana siku zote. Ukiona kosa linachagua majina, uliza hilo.

5. Jina lenyewe

Hatua hii ni fupi lakini imeshanitia aibu zaidi ya mara moja.

Mahali pa jina la seva pasiwe na `https://` mwanzoni wala mkwaju na njia mwishoni. Jina ni malipo.mshirika.example, basi.

Kwenye RPG sehemu ya data yenye urefu maalumu hujazwa nafasi tupu mpaka mwisho. Ukiichukua hivyo hivyo ukaipa `gethostbyname`, unauliza jina lenye mkia wa nafasi thelathini, na hakuna seva duniani yenye jina hilo. Tumia `%trim`, na kwenye tamko la parameta weka `options(*string)`.

Kistari nacho kina hila. Jina likinakiliwa kutoka kwenye waraka uliopigwa chapa, kistari kifupi huwa kimegeuzwa kistari kirefu na ile programu ya kuandikia. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine sicho. Lifute jina zima uliandike upya kwa mkono. Mstari wa chini, yaani `_`, nao hauruhusiwi kwenye jina la seva. Ukiuona, mtu amekosea.

Mwisho, orodha ya domeini za kutafutia. Ukiuliza jina fupi kama `malipo`, mashine hulibandika domeini za orodha ile moja baada ya moja. Kuna siku litapatikana `malipo` la ofisini wakati ulikuwa unataka la mshirika. Kwenye programu andika jina kamili, kila mara.

6. Aliyeuliza ni nani?

Tumefika kwenye profaili. Wewe unajaribu kwa profaili yenye mamlaka yote, kazi ya usiku inakwenda kwa profaili nyembamba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Jaribio lako halimwakilishi. Lifanye jaribio kwa kuvaa kanzu yake:

`SBMJOB CMD(PING RMTSYS('malipo.mshirika.example')) USER(PROFAILI)`

kisha usome kumbukumbu ya kazi hiyo. Ikikosa pale ambapo wewe unapata, angalia mamlaka. Jedwali la majina limehifadhiwa kwenye faili QATOCHOST ndani ya maktaba QUSRSYS, na wapo wakaguzi ambao, kwa nia njema, huifunga QUSRSYS yote isisomwe na mtu.

`DSPOBJAUT OBJ(QUSRSYS/QATOCHOST) OBJTYPE(*FILE)`

Profaili ile lazima iweze kusoma. Kusoma tu, usiipe zaidi.

Kazi za muda mrefu, zile zinazoanza siku mashine inapowashwa na kukaa wiki nzima, huweza kushikilia orodha ya seva za majina ziliyoikuta siku ile. Umebadilisha CFGTCP 12, wewe unapata, kazi ile bado inakosa. Ifunge vizuri uianzishe upya kabla hujaamini kwamba mabadiliko yako hayakufaa.

Java ina akiba yake. Jina lililopatikana huwekwa kwa muda, na jina lililokosekana nalo pia huwekwa, kwa kawaida sekunde 10. Kwa hiyo ukitengeneza kosa na kujaribu papo hapo, unaweza kujibiwa na kosa la zamani. Vuta pumzi, jaribu tena. Vipimo vyake ni `networkaddress.cache.ttl` na `networkaddress.cache.negative.ttl`, cha kwanza mtu akikiweka -1, jina likishapatikana halitaulizwa tena mpaka Java ifungwe, na siku mshirika akihama utalia.

Kwa wanaoandika kwa Node: `dns.lookup` hupita njia ya mfumo, lakini `dns.resolve` huiendea seva ya majina yenyewe bila ya kutazama jedwali. Programu mbili, mashine moja, jina moja, majawabu mawili. Hakuna mchawi hapo.

Programu za hifadhidata zina kitabu chao, `WRKRDBDIRE`. Humo hifadhidata ya mbali imeandikwa kwa jina au kwa namba, na aliyeandika namba mwaka ule hakutarajia kwamba siku moja itabadilika.

Na proksi, mashine ya kati inayotoka nje kwa niaba ya wengine. Hii ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Kompyuta ya mezani inafungua tovuti ya mshirika bila ya taabu, AS/400 inasema jina halipo, zote zimo kwenye mtandao mmoja. Ukichunguza, kivinjari hakilitafuti jina kabisa: kinalikabidhi kwa proksi, na proksi ndiyo inayolitafuta. AS/400 inatafuta yenyewe, na mtandao wa ndani haukuruhusiwa kuyajua majina ya nje, kwa makusudi. Basi usiombe mtandao ufunguliwe. Iambie programu nayo ipite kwenye proksi. HTTPAPI ina `http_setproxy` kwa kazi hiyo, na Java inapokea `-Dhttps.proxyHost` na `-Dhttps.proxyPort`. Hapo jina pekee ambalo AS/400 inalazimika kulijua ni la proksi.

7. Mashine isiyojijua

Kuna programu, khasa za Java, ambazo zikiamka tu huuliza: mimi mwenyewe naitwa nani na nakaa wapi? Jina la mashine likiwa limeandikwa kwenye CFGTCP 12 lakini halimo popote lenye namba, Java hurudisha `UnknownHostException`, na jina linalotajwa ndani ya kosa ni la mashine yako wewe. Lisome hilo jina! Watu huliona wakadhani ni la mshirika.

`ADDTCPHTE INTNETADR('10.20.0.5') HOSTNAME((UNGUJA1.OFISI.EXAMPLE) (UNGUJA1))`

Hakikisha pia 127.0.0.1 ina LOCALHOST. Kosa hili hupenda kutokea baada ya mashine kubadilishwa jina au kurejeshwa kwenye mashine mpya.

8. Baada ya umeme kurudi

Unguja umeme wake unapita chini ya bahari kutoka Bara, Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010, na waliokuwepo wanalikumbuka lile giza la Unguja la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya majenereta. Siku hizi hukatika kwa muda mfupi, na huo mfupi ndio wenye hila. AS/400 ina betri yake, ruta iliyo ukutani haina. Au zote zimezimika na zote zinawaka, lakini seva ya majina ndiyo inayochelewa kuamka. Kazi yako inaanza, inauliza jina, inakosa, inakufa. Ukija asubuhi kila kitu ni kizima na huoni kosa.

Linganisha saa: kosa limetokea saa ngapi, na mashine iliwashwa saa ngapi? Zikikaribiana, usitafute zaidi. Kwenye programu ya kuamshia weka subira, `DLYJOB DLY(180)` baada ya STRTCP, amri inayoamsha mtandao, au bora zaidi, kijiprogramu kinachojaribu PING kwa jina kila dakika na kuziachia kazi nyengine pale jina linapogeuka namba. Na ile ruta itafutiwe betri. Bei yake ni ndogo kuliko usiku mmoja wa mahesabu yaliyokwama.

Tiba ya haraka, na masharti yake

Kazi lazima itoke usiku huu na watu wa mtandao wameshalala. Unayo namba sahihi, umeipata kwa mshirika mwenyewe. Itie kwenye jedwali kwa `ADDTCPHTE`, usiitie ndani ya programu. Sababu si usafi tu: muunganisho wa https hukagua kwamba jina lililoombwa ndilo lililomo kwenye cheti cha seva. Ukiweka namba ndani ya programu, ukaguzi huo utakwama na utajitengenezea kosa la pili. Jedwali linaliacha jina pale pale.

Kwenye sehemu ya maelezo ya mstari ule andika tarehe, jina lako na siku ya kuufuta. Mshirika anayetumia huduma za mawingu hubadilisha namba bila ya kumwambia mtu. Kwake tiba hii isizidi siku moja au mbili.

Ujumbe wa kuwapelekea watu wa mtandao

Ukiwaandikia "DNS haifanyi kazi" watakujibu "kwetu inafanya". Wapelekee hivi, ukibadilisha ya kwako:

"Assalaam alaykum. Kuanzia jana saa nne na robo usiku, mashine 10.20.0.5 inashindwa kulipata jina malipo.mshirika.example. Inamuuliza 10.20.0.53 kwa UDP, poti ya 53. PING kwenda 10.20.0.53 inajibiwa. NSLOOKUP ya jina hilo kwa seva hiyo inarudisha 'hakuna jina hilo'. NSLOOKUP ya majina ya ndani inajibiwa sawasawa. Kompyuta za mezani zinalipata jina hilo kupitia proksi. Naomba mtazame kama 10.20.0.53 imeruhusiwa kuulizia majina ya nje. Mashine haijabadilishwa kitu. Vipimo vya CFGTCP 12 nimeviambatanisha."